Huduma ya kufufua udongo Masasi: mahindi yamenufaika, mikorosho bado

Kwa misimu kadhaa sasa, wakulima wa Masasi na jirani zetu wa Nachingwea wamekuwa wakiuziwa huduma ambayo zamani ilizoeleka kuletwa bure na miradi, yaani mafunzo na pembejeo za kilimo cha kurejesha rutuba ya udongo. Anayelipia hupimiwa udongo wake, hupewa mbegu za mikunde ya kufunika ardhi, hufundishwa kuchimba mashimo ya kupandia badala ya kulima shamba zima, na hutembelewa na bwana shamba hadi mavuno. Mtoa huduma niliyemtumia mimi ana ofisi Masasi mjini. Simtaji jina, kwa sababu sehemu ya ninayoyaandika hapa ni malalamiko, na malalamiko ya mteja mmoja hayatoshi kuihukumu biashara ya mtu. Nimeijaribu huduma hiyo kwenye mashamba mawili yasiyofanana: la mahindi, mbaazi na karanga, lililoko kwenye udongo mwekundu wa bondeni nje kidogo ya mji wa Masasi, na la mikorosho ya familia, lililoko juu ya uwanda wa Makonde upande wa Newala, ambako ardhi ni kichanga kitupu. Kwa shamba la kwanza naona fedha haikupotea. Kwa shamba la pili ningemshauri mkulima mwenzangu asubiri mpaka watoa huduma wenyewe waijue korosho.

Ada ni shilingi 85,000 kwa ekari kwa msimu mmoja, na ndani yake mna upimaji wa udongo, mbegu, siku za mafunzo kwenye shamba darasa, pamoja na ziara za bwana shamba wakati wa kupanda, wa palizi na wa kuvuna. Nje ya ada hiyo kuna gharama ambazo karatasi yao ya matangazo haizitaji: vibarua wa kuchimba mashimo, chokaa iwapo kipimo kitaonyesha kuwa inahitajika, na samadi au mboji, ambayo huku kwetu si jambo dogo. Mikoa ya Mtwara na Lindi haikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o waliizuia mifugo kwa vizazi vingi, na hadi leo kaya nyingi za wakulima zina kuku na mbuzi wachache tu. Mwongozo tuliopewa unaelekeza kwamba kila shimo litiwe kopo moja la samadi, na yaelekea aliyeuandika alikuwa na jirani mwenye zizi. Wengi wetu tuliishia kutumia mboji ya majani, majivu na takataka za jikoni, ambayo ni nzuri lakini huchukua miezi kuiva na haitoshi hata nusu ekari.

Sehemu bora ya huduma hii, ambayo ningeilipia tena hata ikiuzwa peke yake, ni upimaji wa udongo. Vijana wanaokuja kuchukua sampuli wanaifahamu kazi yao: huchimba sehemu nyingi za shamba na si moja, huchanganya, hutenganisha udongo wa juu na ule wa chini, na hawakuona tabu nilipowaomba wachukue pia sampuli kwenye kichaka kilichopakana na mikorosho ambacho hakijalimwa kwa muda mrefu sana. Majibu yalipokuja, udongo wa bondeni ulikuwa na uchachu wa kawaida unaovumilika na mahindi, lakini ule wa chini ya mikorosho ulikuwa mchachu kuliko wa kichaka hicho, ingawa vyote viwili ni kichanga cha uwanda mmoja. Bwana shamba alikaa nasi barazani akaeleza sababu kwa utulivu, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niiheshimu huduma hii.

Kila mkulima wa korosho anaijua kazi ya salfa. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ulipoanza kukausha maua ya mikorosho yetu, unga huo wa njano ndio ulioyaokoa mavuno, na kuanzia Mei au Juni, mikorosho inapochipua na kuelekea kutoa maua, sauti ya mashine za kupulizia husikika alfajiri kijiji hadi kijiji. Kisichosemwa sana ni mahali unga huo unapokwenda baada ya kutua. Vijidudu vya udongoni huugeuza kuwa asidi ya salfuriki, na kwa hesabu ya kikemia kilo moja ya salfa huhitaji takriban kilo tatu za unga wa mawe ya chokaa ili asidi yake izimwe. Kwa nafasi inayopendekezwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba mikorosho kama 28. Mkulima anayepuliza robo kilo kwa kila mti, kwa mizunguko mitano, huwa ametumia kilo 35 za salfa kwenye ekari hiyo kwa msimu, na kuzima asidi yake yote kungemdai chokaa zaidi ya kilo 100. Ni kweli kwamba sehemu ya unga hupeperushwa na upepo, lakini hupeperushwa kwenda kwa jirani, naye wa kwake humpeperukia vilevile. Kichanga hakina mfinyanzi wala mboji ya kutosha kuhimili mabadiliko hayo, na ndicho kinachoumia mapema zaidi. Mkorosho wenyewe huvumilia udongo mchachu, ndiyo maana hatukuliona tatizo hili mtini. Tuliliona kwenye mahindi na karanga zilizodumaa tulipojaribu kuzipanda katikati ya miti.

Hapo ndipo huduma ilipokwama. Tuliandikiwa kiasi cha chokaa ya kilimo kinachohitajika, kwa mahesabu safi kabisa, kisha hatukuambiwa pa kuinunua. Mkoa wetu umekalia mawe ya chokaa, na tangu 2015 kuna kiwanda kikubwa cha saruji kinachoyachimba nje ya Mtwara mjini, lakini mimi nilizunguka maduka ya pembejeo bila kupata hata mfuko mmoja wa chokaa ya shambani. Kipimo kinachotaja ugonjwa kisiseme dawa inapatikana wapi ni nusu ya huduma, na mtoa huduma mwenye wateja wa kutosha angeweza kuwakusanyia oda ya pamoja wakagawana gharama ya lori.

Nikija kwenye mashimo, nitasema kwanza kwamba mbinu yenyewe ni ya kweli. Imesambazwa kwa miaka mingi Zambia na Zimbabwe, na vipimo tulivyofundishwa ni vilevile vya huko: shimo lenye urefu wa sentimita 30, upana wa 15 na kina cha 20, kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 70, jambo linaloleta mashimo kama 6,400 kwa ekari. Wala si mgeni wa kutisha kwa watu wa kusini, kwani Wamatengo wa Mbinga wamekuwa wakilima kwa mashimo ya ngolo milimani kwao kwa zaidi ya karne moja, wakizika majani chini ya udongo ili yaoze. Kwenye shamba langu la bondeni, ambako kulima kwa jembe la mkono kwa kina kilekile kila mwaka kumeacha tabaka gumu chini, mashimo yalilipasua tabaka hilo, na tofauti ilionekana wazi pale mvua ilipokatika. Msomaji wa huku anakijua kile kipindi cha ukavu kinachotuingilia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, wiki moja au mbili, mahindi yakiwa magotini. Mahindi ya kwenye mashimo yalikunja majani mchana na kuyakunjua jioni, na ya jirani, upande uliolimwa kama kawaida, yalikunja yakabaki yamekunjwa. Mavuno yalikuwa bora kuliko ya misimu iliyotangulia, ingawa sitadai kwamba yote yalitokana na mashimo, kwa sababu mwaka huo pia nilipanda mapema na kupalilia kwa wakati.

Kwenye kichanga cha Newala ni habari nyingine. Shida ya huko si maji kushindwa kuingia ardhini. Huingia haraka mno na kuondoka na rutuba, ndiyo maana watu wa uwandani wamehangaika na maji ya kunywa maisha yao yote. Shimo linalochimbwa kwenye mchanga wa namna hiyo hufukiwa na mvua kubwa ya kwanza, na faida pekee inayobaki ni kwamba mboji imewekwa mahali pamoja na mbegu. Nilitarajia mtoa huduma aliyeshika majibu ya vipimo vya mashamba yote mawili anipe ushauri wa aina mbili. Alinipa mmoja.

Mbegu zilifika kwa wakati, zilikuwa safi, na ziliota vizuri. Tulipewa mbaazi, kunde, fiwi na mukuna. Fiwi zilifunika ardhi vizuri kuliko nilivyotegemea na majani yake yaliliwa mboga nyumbani. Mukuna ilileta mgogoro, kwa kuwa ni ndugu wa upupu wa porini, na ingawa aina inayolimwa haiwashi, kina mama kwenye shamba darasa walikataa katakata kuishika, wakaombwa sana ndipo wakakubali. Ninalowalaumu watoa huduma ni kwamba hawakutoa onyo la wazi kwamba punje zake si maharage: zina kemikali iitwayo levodopa, na mtu akizipika kama choroko ataugua. Onyo hilo lilipaswa kuandikwa kwenye mfuko.

Mbaazi ndiyo iliyofanya kazi kubwa, nayo ni zao letu tangu zamani, hivyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa jinsi ya kuipanda. Mizizi yake huenda chini sana, hustahimili kiangazi chetu cha miezi sita au zaidi ambacho huzimaliza kunde na mukuna, na hudondosha majani yanayooza palepale. Siku ya mafunzo bwana shamba aling'oa mche mmoja, akapasua vinundu vya mizizi kwa ukucha na kutuonyesha kwamba ndani ni vyekundu, dalili kwamba vinafanya kazi ya kukamata naitrojeni ya hewani. Ilikuwa ni dakika chache zenye mafunzo kuliko karatasi zote walizotugawia. Hata hivyo, mkulima wa Masasi haangalii vinundu peke yake. Anakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei ikaanguka, na magunia yakabaki ndani yakiliwa na wadudu. Tangu hapo mauzo yamepata utaratibu zaidi, kwa kuwa mbaazi siku hizi hupitia vyama vya msingi na minada kama ufuta na korosho, lakini woga haujaisha, na mtoa huduma anayemtaka mkulima aongeze mbaazi kwa ajili ya udongo anapaswa kuongea naye habari za soko siku hiyohiyo. Hawakufanya hivyo.

Kuna jambo moja la mafunzo nililolipinga hadharani. Mmoja wa wakufunzi alituambia kwamba mbolea ya dukani ni sumu na kwamba anayefuata kilimo hiki asiiguse. Kauli hiyo haina msaada. Mikunde haikamati naitrojeni ya maana kwenye udongo usio na fosforasi, na udongo wetu mwingi una upungufu wa fosforasi. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti wa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo mchachu, yaani udongo kama huu wetu. Tangu 2022 serikali imerudisha ruzuku ya mbolea, na mkulima aliyejisajili anaweza kuipata kwa bei nafuu. Kumwambia aiache wakati hana samadi wala mboji ya kutosha ni kumwambia avune kidogo ili mwalimu wake abaki na msimamo safi. Bwana shamba aliyekuja baadaye shambani kwangu alilegeza maneno hayo, akaniruhusu nitumie kidogo ndani ya mashimo, na nadhani yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Matandazo ndiyo yaliyonionyesha kwa nini kilimo hiki kinasifiwa na watu wengi kuliko wanaokifanya. Kanuni inataka ardhi isibaki wazi, angalau theluthi yake iwe imefunikwa na mabaki ya mazao. Tukivuna mahindi Mei au Juni, mabua yanapaswa kulala pale mpaka mvua za Novemba au Desemba. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mchwa, ambao hula kwa bidii kiangazi chote. Kuna mahitaji ya jikoni, kwa sababu miti ya mbaazi ikikauka ni kuni nzuri, na mwanamke anayetembea mbali kutafuta kuni hataiacha shambani ili ioze. Kuna mifugo: tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu katika miaka ya 2006 na 2007, makundi ya ng'ombe yamesogea hadi Lindi na baadaye huku kwetu, na kwa desturi shamba lililokwisha kuvunwa huhesabiwa kuwa malisho ya wote. Na kuna moto. Mwindaji wa panya buku huwasha moto wake Agosti, upepo unageuka, na asubuhi shamba la mtu aliyehifadhi mabua miezi mitatu ni jivu. Kwangu ng'ombe walikula sehemu, mchwa sehemu, na kilichobaki Novemba hakikufika theluthi. Bado kilisaidia, kwa sababu udongo uliokuwa chini yake ulikuwa laini na mnyoo wa udongoni alionekana, lakini hiyo siyo picha iliyoko kwenye karatasi ya matangazo.

Ulinzi wa matandazo hauwezi kununuliwa na mkulima mmoja kwa ada ya ekari moja. Unahitaji sheria ndogo ya kijiji inayokataza malisho kwenye mashamba ya watu bila ruhusa, ukanda wa kuzuia moto unaosafishwa na wote, na mwenyekiti wa kijiji asiyewaogopa wenye ng'ombe wala ndugu zake wanaowinda. Mtoa huduma anayeuza kwa mtu mmojammoja waliotawanyika anauza kitu kisichoweza kudumu. Angewauzia wakulima ishirini waliopakana, kwa bei pungufu, angepata matokeo bora. Nilimpa ofisa wao ushauri huu, akauandika, na nimesikia kwamba kijiji kimoja cha upande wa Nachingwea sasa kinahudumiwa kwa mtindo huo. Kama ni kweli, ni hatua njema.

Sasa nifike kwenye mikorosho, ambako nina malalamiko makubwa. Korosho haichumwi. Huiva, bibo huanguka pamoja na korosho yake, na mtu huinama akaiokota, kuanzia Septemba au Oktoba mpaka karibu na Krismasi. Kwa hiyo kila mkulima wa korosho husafisha chini ya miti kabla ya msimu, na chini ya mkorosho palipofagiliwa ndiyo sifa ya mkulima mwenye bidii. Mafunzo tuliyouziwa yalitutaka tujaze matandazo chini ya mwavuli wa mti na tuyaache. Mama mmoja wa makamo alimuuliza bwana shamba, kijana wa rika la wanawe, "Mwanangu, majani haya nikiyaacha hapa, korosho nitaziona wapi?" Kijana alijibu kwa adabu, "Mama, utayasogeza kidogo," na watu wakacheka, si kwa kumdharau, bali kwa sababu kila mmoja aliona kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa huko mwongozo ulikotoka. Korosho inayolala kwenye majani yenye unyevu hubadilika rangi, na korosho iliyobadilika rangi ghalani huwekwa daraja la pili. Juu ya hayo, majani makavu chini ya mkorosho ni mwaliko wa moto, na mti ulioungua shina hauponi kwa msimu mmoja.

Jibu lipo, na si gumu. Kinachoharibu udongo wa mikorosho yetu ni kufagia majani na kuyachoma, wala si kufagia peke yake. Majani yale yale yanaweza kusombwa Agosti na kurundikwa kwenye mistari katikati ya miti, mbali na mwavuli, kisha yarudishwe chini ya mti Januari baada ya mavuno, mvua ikiwa imekwisha kushika. Mikorosho michanga, ambayo mwavuli wake haujafunga, inaweza kupandiwa karanga, kunde na mbaazi katikati kwa miaka ya mwanzo bila matatizo yoyote, na kwa kweli hapo ndipo huduma hii ingefaa zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nafasi ya mita 12 huacha ardhi nyingi wazi. Kwa mikorosho mikongwe iliyofunga kivuli, mbegu za mikunde walizotupa ziliota, zikanyong'onyea na kufa, nasi tulikuwa tumezilipia.

Jambo jingine ambalo halikutajwa kabisa ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mkorosho kuwa viota na kumfanya mpandaji ajute. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakiwachunguza kama walinzi wa mkorosho, kwa sababu huwinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza machipukizi. Moto na viuatilifu vikali huwaua kwanza wao. Huduma inayojinadi kuwa inafanya kazi na viumbe wa asili, ikaja kwenye nchi ya korosho bila neno moja kuhusu majimoto, imesahau somo ambalo wenyeji wangelifurahia, maana wanawajua sisimizi hao tangu utotoni kwa meno yao.

Kalenda nayo inagongana. Mashimo yanatakiwa yachimbwe kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba, ili yasubiri mvua, na huo ndio wakati wa kusafisha mikorosho na kuanza kuokota. Kibarua anayeokota korosho hupata fedha taslimu, na hakuna atakayeiacha kazi hiyo akachimbe mashimo 6,400 kwa malipo ya wasiwasi. Ada yenyewe hudaiwa Septemba, kabla ya minada ya korosho kuanza kulipa. Mkulima asiye na ufuta aliouza Juni hana fedha mwezi huo, na anayetaka kujiunga hulazimika kukopa. Wengine huuza korosho zikiwa bado mtini kwa wanunuzi wa kangomba, kwa bei ya kutupa, licha ya kwamba ni kinyume cha sheria na kwamba mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwapo tangu 2007. Sipendi kuona huduma ya kuponya udongo ikimsukuma mtu kwenye kangomba. Ingetosha ada ikatwe kupitia chama cha msingi baada ya mnada wa kwanza au wa pili, kama madeni mengine yanavyokatwa.

Wale watakaosoma haya wakiwa Liwale, Kilwa au Ruangwa wana hesabu nyingine, na ni vema niitaje kwa sababu mtoa huduma ananuia kufungua kituo upande wa Lindi. Huko bado kuna msitu. Mkulima wa ufuta ambaye shamba lake limechoka huhamia kwenye pori jipya, hufyeka, huchoma, na hupata mavuno mazuri mwaka wa kwanza na wa pili bila kulipia chochote zaidi ya jasho. Mshindani wa huduma hii kwa Lindi ni hilo pori, si duka la mbolea. Mkulima huyo hatashawishika kwa vinundu wala kwa mnyoo, maana anapewa ahadi ya rutuba itakayorudi polepole, wakati ng'ambo ya kijito iko rutuba iliyo tayari leo. Aliyepanga shamba la mtu kwa msimu mmoja yuko katika hali hiyohiyo: akiweka mboji na kupanda mbaazi, atakayevuna faida ni mwenye shamba, ambaye mwakani atapandisha kodi au kulichukua. Serikali imeshakuwa na mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, uliozinduliwa 2023, lakini mkakati haujafika mahali pa kumpa mpangaji mkataba wa miaka mitano.

Yapo mambo madogo niyapitie haraka. Simu zao hupokelewa. Bwana shamba alikuja mara zote alizoahidi, isipokuwa wakati wa palizi, ambapo alichelewa mpaka magugu yakatushinda. Na palizi ya mwaka wa kwanza kwenye shamba lisilolimwa ni nzito kuliko kawaida, mzigo ambao kwa sehemu kubwa huangukia wanawake na ambao hakuna aliyetutahadharisha. Shamba darasa lao limetunzwa vizuri na linafaa kutembelewa hata na asiyetaka kulipa. Wakati wa Nane Nane huwa na banda Ngongo, Lindi, na pale unaweza kuona mbegu na kuuliza maswali bila kusafiri hadi Masasi, ingawa kuna kelele nyingi na majibu ni mafupi.

Nimelipia tena kwa shamba la bondeni. Kwa lile la Newala nimewaomba wanifanyie upimaji wa udongo pekee, nao wamekubali kwa ada ndogo ambayo haimo kwenye orodha yao ya bei. Mwenye mikorosho mikongwe anaweza kuomba vivyo hivyo. Anayejiunga kwa mara ya kwanza ahakikishe kabla ya kutoa fedha kwamba sampuli zitachukuliwa mbele yake, kwamba mbegu za mukuna zimetengwa na mbegu za chakula, na kwamba ada inaweza kulipwa nusu Septemba na nusu Desemba. Hilo la mwisho hawalitangazi, lakini ukiomba kwa maandishi hukubaliwa.